Kwa Nini Boga Halikatwi na Mtu Mmoja

Zamani sana, siku ambazo vitu vingi vya shambani vilikuwa bado havijapata umbo tunalolijua, boga halikuwa na ganda. Lilikuwa na ngozi nyororo, nyembamba kama ya nyanya, na mtoto aliweza kulitoboa kwa ukucha akalifyonza pale pale lilipolala. Ndani lilikuwa na maji mengi na utamu kidogo. Halikutaka kisu wala panga. Ukilitia chunguni lilichemka mara moja likawa uji, na mpishi hakuwa na la kujisifia.

Wakati huo watu wa Kivundwe walikuwa wameshakaa kwenye mteremko wao, upande wa mlima unaopata ukungu asubuhi na jua mchana. Walilima mtama, kunde na maboga. Mvua ikiwa njema, maboga yaliiva yote kwa pamoja, yakajaa mashambani, na kwa siku hizo chache watu walikula mpaka wakayachoka. Lakini boga la enzi hizo halikuwekeka. Ukilichuma asubuhi, jioni limeanza kuvuja. Kesho yake limechacha na nzi wamelizunguka. Kwa hiyo ilikuwa desturi kwamba anayevuna maboga huita majirani, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na yanayobaki hutupwa shimoni. Hakuna aliyeona vibaya. Ndivyo maboga yalivyokuwa.

Kisha kiangazi kilikuja. Mtama uliisha ghalani, kunde zikaisha, watu wakaingia porini kuchimba viazi mwitu. Kila kiangazi kikali kiliondoka na watu, wakongwe na watoto wachanga, na hilo nalo Kivundwe walikuwa wamelizoea kama walivyozoea baridi ya alfajiri.

Katika kijiji hicho aliishi mwanamke mmoja, Nakijwa, mfinyanzi wa vyungu. Mumewe, Sekiete, alikuwa amekufa kwa homa, na Nakijwa hakurudi kwao. Alibaki kwa mama mkwe wake, Namcharo, wakilea pamoja watoto wawili aliowaacha marehemu. Namcharo alikuwa mwanamke wa maneno machache na mkono mzito. Hakumsifia mkwe wake hata mara moja, ila asubuhi Nakijwa alikuta kila siku udongo wake wa kufinyangia umekwisha kulowekwa, na aliyeuloweka anajifanya anafagia uani.

Kiangazi kimoja kilimchukua mtoto wa kwanza wa Nakijwa, mvulana, aliyekuwa ameanza kusema sentensi ndefu. Siku zake za mwisho aliomba boga. Hakuomba kitu kingine, wala nyama wala asali. Na Nakijwa alikumbuka kwamba mwezi ule maboga yalipoiva, yeye mwenyewe alibeba kapu zima la yaliyooza akaenda kulimwaga shimoni, huku akiimba.

Aliyekuja kumsaidia kumwosha mtoto alikuwa Nambua, jirani wa ng'ambo ya ua. Nambua alikuwa na watoto wengi na sauti kubwa, lakini siku ile alifanya kazi yote kimya, akamfunika mtoto kwa nguo yake mwenyewe, akakaa na Nakijwa mpaka jua likazama. Majirani wengine walisema yanayosemwa msibani. Nambua hakusema kitu, na Nakijwa hakulisahau hilo.

Msiba haukumwondokea Nakijwa kwa njia ya machozi. Ulimwondokea kwa swali. Alikuwa akifinyanga anajiuliza, akichota maji anajiuliza: kwa nini chungu kinakaa miaka na boga halikai siku mbili?

Mvua iliporudi na maboga yakazaa, alianza kujaribu. Alikata vipande akavianika juani, lakini ukungu wa asubuhi uliviwahi, vikavunda. Alilifukia boga kwenye jivu. Alipolifukua alikuta tope tamu. Alilifungia ndani ya chungu akaziba mdomo kwa udongo, na baada ya siku chache kile kifuniko kilirushwa juu, nyumba nzima ikanuka pombe. Namcharo aliitazama ile pombe, akaionja kwa kidole, akasema haikuwa mbaya sana. Ndilo jambo la karibu na sifa ambalo Nakijwa aliwahi kulisikia kutoka kwake. Kiangazi kilipita, wakakivuka kwa taabu, yeye, mama mkwe, na binti mdogo aliyebaki, Nanzia.

Mwaka uliofuata, maboga yakiwa bado madogo shambani, Nakijwa alikuwa akisiriba ukuta wa nyumba uliokuwa umebanduka. Alichanganya udongo wa ufinyanzi na jivu, akaupaka kwa kiganja, na alipofika pembeni, kipande cha ukuta kilichokuwa kikitaka kuanguka kikashika. Alisimama akakitazama. Kisha alichukua kibakuli chake cha udongo, akateremka shambani, akachuchumaa penye boga changa lenye ukubwa wa ngumi, akaanza kulisiriba.

Namcharo alimkuta hapo.

"Unasiriba nini, mwanangu?"

"Boga, mama."

"Boga ni ukuta?"

"Bado," alisema Nakijwa. "Naangalia kama litakubali."

Mama mkwe alisimama kidogo, kisha akaenda zake. Lakini kesho yake asubuhi udongo ulikuwa umelowekwa maradufu.

Haikuwa kazi rahisi. Udongo mzito uliyanyima maboga hewa, yakaoza ndani kwa ndani. Udongo mwepesi ulioshwa na mvua. Boga lilipokua, udongo uliokauka ulipasuka, na kwenye ufa ndipo wadudu walipoingia. Maboga mengi yaliharibika kabla Nakijwa hajajua namna. Mwishowe aligundua kwamba lazima arudi kila asubuhi, ukungu ukiwa bado haujapanda, apake udongo laini kidogo tu juu ya ule wa jana, na aupake kwa vidole vyake vyote akiviburura kutoka kwenye kikonyo hadi kitakoni mwa boga, ili boga linapojaa udongo ujae nalo. Vidole viliacha mifereji. Aliyapaka hivyo maboga yote yaliyobaki, kila moja, mpaka mistari ya vidole vyake ikawa juu ya shamba zima.

Watu waliopita njiani walicheka. Nambua alicheka kuliko wote, akiwa ng'ambo ya ua, lakini kicheko chake hakikuwa cha ubaya. "Mama Nanzia," aliita, "ukimaliza hayo njoo unisiribie na hawa wanangu, labda watatulia."

Nakijwa naye alicheka. Walikuwa bado wanaelewana.

Maboga yalipoiva, kijiji kiliingia kwenye siku zake za shibe. Leo watu waliitwa kwa huyu, kesho kwa yule. Nambua aliita, na Nakijwa akaenda na mwanawe na mama mkwe wakala. Wengine nao waliita. Zamu ikazunguka, ikafika kwa Nakijwa, naye hakuita. Watu walingoja siku moja na nyingine. Ndipo Nambua alipokuja mwenyewe, akasimama penye shamba.

"Mama Nanzia, yako hayajaiva?"

"Yameiva."

"Naona. Vikonyo vimekauka. Basi unangoja nini?"

Nakijwa alikuwa amejiandaa kwa swali hilo siku nyingi, lakini lilipokuja hakupata maneno mazuri. "Nayaweka," alisema.

Neno hilo lilikuwa geni. Watu waliweka mtama, waliweka kunde. Boga halikuwekwa. Nambua alilirudia polepole, kama anayeonja kitu asichokijua.

"Unayaweka. Mpaka lini?"

"Mpaka kiangazi."

"Na sisi uliokuja kula kwetu?"

"Nambua, nikiyatoa sasa yatakwisha leo. Watu wameshiba. Wengine wanatupa."

"Sijauliza kama tumeshiba," alisema Nambua. "Nilipokuja kumwosha mwanao sikuuliza nitapata nini."

Alirudi kwake. Tangu siku hiyo hakumwita tena, na kwa kuwa Nambua alikuwa na sauti kubwa, haikuchukua muda kijiji kizima kikajua kwamba mke wa marehemu Sekiete amejifunza uchoyo. Kisimani wanawake walimpisha achote, halafu wakaendelea na mazungumzo yao kana kwamba hapakuwa na mtu. Namcharo, ambaye maisha yake yote alikuwa akitembea kichwa juu, alianza kwenda kisimani wakati wengine wameshaondoka.

"Umenitia aibu," alimwambia Nakijwa siku moja, bila kupandisha sauti.

"Najua, mama."

"Sisemi uyatoe. Nasema ujue."

Waliyachuma maboga wao wenyewe, wakayabeba moja moja wakiyaacha na vikonyo vyake, wakayapanga juu ya uchaga, palipopita moshi wa jikoni. Siku ya kwanza Nakijwa aliyatazama kwa wasiwasi. Siku ya tatu aliyanusa. Mwezi ulipoandama na kuandama tena, maboga yalikuwa pale pale, makavu, hayavuji, hakuna nzi.

Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa miongoni mwa vile vinavyokumbukwa. Mto wa chini uligeuka mchanga. Viazi mwitu viliisha karibu, watu wakaanza kuvifuata mbali, na wengine walirudi mikono mitupu. Nyumbani kwa Nakijwa mtama ulikuwa umebaki wa kukwangua. Ndipo alipoteremsha boga la kwanza kutoka uchagani, akalitia kwenye beseni la mti aoshe udongo ule.

Udongo haukutoka. Alisugua kwa mchanga, hautoki. Alikwangua kwa kigae, kigae kikachubuka. Kumbe boga lilikuwa limeunywa udongo wote, likaufanya wake. Palipokuwa na ngozi sasa palikuwa na ganda, gumu, la rangi ya kijani iliyofifia na michirizi ya jivu, na mistari ya vidole vyake imezama humo ndani. Alichukua kisu, kilikwaruza juu juu kikateleza. Alilipiga kwa jiwe, na likatoa mlio kama wa mlango unaogongwa.

Alilirudisha uchagani, akateremsha lingine. Lile nalo lilikuwa vile vile. Yote yalikuwa vile vile.

Nakijwa aliketi chini akiyatazama. Alikuwa amewanyima watu chakula wakati wa kula, amevunja urafiki, amemwinamisha mama mkwe wake, na alichopata ni mawe yaliyopangwa juu ya moto. Hakumwambia mtu. Kwa siku kadhaa aliendelea kupika uji wa mtama, kila siku mwepesi zaidi, na kila siku alimwona Namcharo akigeuka upande na bakuli lake kana kwamba anataka kukaa kivulini. Ilimchukua muda kutambua kwamba bakuli la mama lilikuwa likiishia kwa Nanzia.

Mchana mmoja Namcharo alitoka kuleta kuni, akafika katikati ya ua, akakaa chini. Hakuanguka, alikaa tu, kama mtu aliyeamua kupumzika, na hakuweza kusimama tena. Nakijwa alimbeba. Alishangaa jinsi alivyokuwa mwepesi. Alimlaza mkekani karibu na mlango, kisha akachukua panga la marehemu mumewe, akateremsha boga kubwa kuliko yote, akalibana kwa magoti, na kulikata kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

Panga liliteleza kwenye ganda likamchana kiganja cha kushoto, kutoka kidole gumba hadi kifundo cha mkono. Yeye hakulia. Aliyelia ni Nanzia, alipoiona damu juu ya boga, na kilio chake kikavuka ua.

Nambua alikisikia. Inasemekana alisimama kitambo upande wake, mkono juu ya mti wa ua, bila kwenda mbele wala nyuma. Kisha alipita. Aliingia uani, akamwona Namcharo mkekani, akaiona damu, akaliona boga. Hakuuliza chochote. Alichana upindo wa nguo yake, akatafuna majani ya dawa, akayabandika kwenye jeraha na kulifunga kwa nguvu mpaka Nakijwa akakunja uso.

"Kaza vidole," alisema. "Haya. Hilo ndilo uliloweka?"

"Ndilo."

"Na halikatiki."

"Halikatiki."

Nakijwa alingoja kicheko, au maneno yale mengine, yaliyo mabaya kuliko kicheko. Nambua aliokota panga, akalijaribu kwa kidole, akachuchumaa.

"Basi nishikie," alisema.

Nakijwa alilikumbatia boga kwa mkono wa kulia na kulikanyaga upande wa pili kwa unyayo. Nambua aliinua panga juu. Ndipo sauti ya Namcharo ilipotoka mkekani, hafifu lakini kavu kama kawaida yake.

"Msipige. Mtakatana. Wekeni panga kwenye mfereji wa kidole, halafu mligonge mgongoni kwa mchi."

Walifanya hivyo. Mmoja alishika, mwingine aliweka makali ndani ya mfereji mmojawapo, karibu na kikonyo, akagonga taratibu kwa mchi, kisha akagonga tena. Boga lililia kwa ndani. Halafu lilifunguka lote kwa mara moja, likawa vipande viwili vinavyotikisika chini.

 Boga walilolijua lilikuwa jeupe na la majimaji. Hili lilikuwa la rangi ya moto uliotulia, nyama yake nene, imeshikana, na katikati mbegu pana zimepangana kwenye nyuzi zake. Harufu yake ilikuwa tamu na nzito. Maji yote yaliyokuwa yakivuja zamani yalikuwa yamekaa ndani ya ganda miezi yote hiyo, yakageuka utamu.

Nakijwa alikomba mbegu kwa kipande cha kibuyu akaziweka kando. Nambua alitaka kumenya, akaanza kukwangua ganda kwa panga, lakini kila alipoondoa ganda aliondoa na nyama.

"Liache na nguo yake," alisema Namcharo. "Likivuliwa litavurugika."

Basi nusu moja waliikata vipande vikubwa, ganda na nyama pamoja, kila mara mmoja ameshika na mwingine anagonga. Nakijwa alichukua chungu chake kipana, akapanga vijiti vya uti wa majani ya mgomba chini ili boga lisiungue, akatia maji kidogo yaliyokuwepo, yasiyofika hata juu ya vijiti. Alipanga vipande vikisimama, ganda likiegemea chungu, akafunika kwa majani ya mgomba na juu yake kigae. Walichochea moto mdogo. Boga la zamani lingekuwa tayari wakati wa kufunika. Hili liliwaweka. Walipofunua mara ya kwanza, kijiti kiligoma kwenye ganda. Waliongeza maji kwa kiganja, wakafunika tena, wakasubiri. Nanzia alilala akisubiri, akaamka, na walikuwa bado wanasubiri. Walipofunua tena, kijiti kiliingia kwenye ganda kama kinavyoingia kwenye siagi, na nyama ilikuwa imeanza kutoa jasho la sukari.

Namcharo alilishwa kwanza, kidogo kidogo, nyama iliyopondwa na maji yake. Alipomeza mara ya tatu alishika mkono wa Nakijwa, akauondoa, akajilisha mwenyewe. Nanzia alikwangua lake kutoka kwenye ganda kama kwenye bakuli. Nambua alipewa kipande kikubwa. Alikishika mikononi akakiangalia, moshi unampanda usoni, wala hakukila.

"Kwangu kuna watoto," alisema.

Msidhani ilikuwa rahisi. Nakijwa aligeuka akautazama uchaga. Siku nyingi alikuwa ameshapiga hesabu yake kichwani: yakiliwa na watu watatu, maboga yale yangewafikisha kwenye mvua. Yakiliwa na wengi, yangeisha kiangazi kikiwa bado kinaendelea. Alimtazama Nanzia. Alimkumbuka yule mwingine. Alimtazama mama mkwe wake kutafuta neno, na Namcharo akasema tu, "Ni yako. Wewe ndiye uliyeyasiriba."

Nakijwa alichukua nusu ya pili ya boga, iliyokuwa haijapikwa, akamtwika Nambua.

"Nilikosa kukwambia vizuri," alisema. "Siku ile shambani."

"Ulikosa," alisema Nambua. Alisogeza mzigo kichwani ukae. "Na mimi nilisema vibaya. Funga mkono wako, usitie maji."

Siku mbili zilipita, Nakijwa akataka kukata boga la pili. Mkono wake ulikuwa umevimba, na Namcharo alikuwa bado hajasimama. Alisogea kwenye ua. Alikuwa hajamwita Nambua tangu ugomvi wao, na mdomo ulikuwa mzito.

"Nambua," aliita. "Njoo unishikie."

Nambua alikuja, akashika, na alipoondoka aliondoka na nusu. Safari iliyofuata alikuja na mchi wake mwenyewe. Habari ikaenea, kwa sababu Nambua alikuwa na sauti kubwa kwa mazuri kama kwa mabaya. Mzee mmoja wa nyumba za juu, aliyekuwa hajampa Nakijwa salamu tangu mavuno, alijitokeza asubuhi akakohoa mlangoni. "Nimesikia hapa wanatafuta mtu wa kushika," alisema, akiangalia pembeni. Nakijwa alimwitikia kama anavyoitikiwa mkubwa, akamwonyesha pa kuweka mkono. Mzee alishika, akaenda na nusu. Kesho yake alikuja mwingine, halafu mwingine. Hata mkono wa Nakijwa ulipopona na Namcharo akarudi kuloweka udongo wake, hakukata boga peke yake. Angeweza kujaribu. Hakujaribu.

Maboga yaliisha kabla ya mvua, kama alivyojua. Zilizobaki ni mbegu. Walizikaanga kwenye kigae, wakazitwanga, unga wake wa mafuta wakautia kwenye majani machungu ya porini, na hayo majani yakalika. Lakini konzi moja ya mbegu Nakijwa aliifunga kwenye kitambaa, akaining'iniza darini, na hata Nanzia alipolia akiitazama hakuishusha. Ilikuwa siku mbaya kwake kuliko siku ya panga. Mvua ilinyesha muda si mrefu baadaye, kwanza juu mlimani, kisha kwao. Kiangazi hicho Kivundwe hawakuzika mtoto hata mmoja.

Mbegu zile zilipandwa kwa watu wote walioshika, kila nyumba mbegu chache. Zilipoota na kutambaa, na maboga ya kwanza yalipofika ukubwa wa ngumi, Nakijwa aliamka asubuhi akakuta udongo umelowekwa kama siku zote. Alichukua kibakuli, akateremka shambani, akachuchumaa kwenye boga la kwanza, akanyoosha vidole. Boga lilikuwa na mifereji tayari. Alilibonyeza kwa ukucha, ukucha haukuingia. Alikwenda kwenye la pili, na la tatu. Aliketi kwenye umande kwa muda, kibakuli mapajani. Kisha aliumwaga ule udongo kando ya shina, akarudi nyumbani kumwambia mama mkwe wake kwamba leo watafinyanga vyungu.

Basi ndivyo boga lilivyopata ganda. Mistari ile mnayoiona, inayotoka kwenye kikonyo hadi kitakoni, ni vidole vya Nakijwa, na michirizi ya kijivu ni jivu lake. Ndiyo maana boga huchumwa na kikonyo chake, likakaa uchagani kiangazi kizima likizidi kuwa tamu, na ndiyo maana mpishi mwenye akili halimenyi, hulipika na nguo yake. Na tangu siku zile, kwetu mtu hakati boga peke yake, hata awe na mkono wa nguvu na panga lililonolewa jana. Husogea kwenye ua akamwita jirani aje amshikie, hata yule aliyenuniana naye. Jirani akisikia hivyo, huacha alichokuwa akifanya na kuja, na haulizi kushika nini.